Leo nimeingia kaziui

"Mama, kaziui ni nini?"

Nilikuwa nakaanga vitunguu, nikadhani nimesikia vibaya. Binti yangu kajua kusoma mwaka huu, na tangu ajue hakuna kinachosalimika: mifuko ya unga, bili za umeme, mabango ya basi, hata maandishi ya kwenye soli za viatu. Sasa alikuwa amepanda kiti mbele ya ile karatasi ya Mjomba iliyo ukutani karibu na friji, kidole kikifuata mstari. Leo. Nimeingia. Kaziui.

"Ni kazini," nikamwambia.

"Haijaandikwa kazini. Hii ni u."

Ni u kweli. Naijua tangu siku ile wino wake haujakauka. Nikamwambia akanawe mikono, chakula ki tayari, na vitunguu vilikuwa bado vyeupe.

Mjomba alikuja Hamburg mwaka 2016 kwa ajili ya macho. Ukoo ulichanga, wengine wakakopa kwenye kikoba, kwa imani ileile kwamba Ulaya hakuna kinachoshindikana. Siku ya nne daktari akatuambia tulichokwisha kuambiwa Dar: presha ya macho ikishaua mshipa, haufufuki. Ilichukua dakika ishirini, pamoja na tafsiri yangu. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya wiki tatu baadaye.

"Sasa utamtembeza wapi mtu haoni?" dada yangu akaniuliza kwenye simu. Hakukusudia ubaya. Nami nilikuwa nikijiuliza hivyohivyo, ila kimoyomoyo.

Nilianza vibaya. Nilimpeleka kwenye jumba moja la makumbusho katikati ya mji, jina lake nalihifadhi. Wakampa kifaa cha kuvaa masikioni, na sauti tamu ya mama mmoja wa Kiingereza ikamwambia, "kama unavyoona upande wako wa kushoto." Mjomba akageuza shingo kushoto, kwa adabu kabisa. Tulipofika kwenye kitu fulani cha mbao akanyoosha mkono, na mlinzi akaja mbio kama mtu aliyeona moto. Mjomba akaurudisha mkono mfukoni. "Samahani mama, nimekuaibisha," akaniambia. Kwenye treni akajaribu kuniliwaza: "Hamburg na Dar si miji dada, mlisema? Basi dada mwenyewe mkali." Ni kweli ni miji dada, tangu 2010. Nilicheka kidogo nikageukia dirishani.

Aliyenielekeza Barmbek, mtaa mmoja wa hapa Hamburg, ni mwenzangu wa kazini. Nenda Museum der Arbeit, yaani makumbusho ya kazi, akasema, kule vitu vinafanya kazi, havikai tu. Nilijua jengo lile kwa nje. Ni kiwanda cha zamani cha mpira, kilichokuwa kikitengeneza vitana tangu karne ya kumi na tisa, na makumbusho yamekuwamo tangu 1997. Uani pamesimamishwa gurudumu la chuma la mtambo uliochimba handaki la magari chini ya mto Elbe. Upana wake unazidi mita 14, na Wajerumani wameliita TRUDE, jina la bibi wa zamani, kumbe ni kifupisho cha maneno yanayosema chini kabisa, chini ya Elbe. Mjomba aliligonga kwa fimbo, akasikiliza, akagonga tena pembeni. "Kumbe na hawa huwapa mitambo majina," akasema. Akafurahi. Hilo tu lingenitosha.

Niseme hapa jinsi nilivyokuwa nikimwongoza. Nilikuwa nimemkamata mkono juu ya kiwiko, nikimsukuma mbele kidogo, kama mgambo aliyekamata mwizi wa kuku. Kila baada ya hatua tatu nilimtangazia: ngazi, mlango, mtoto, mlango tena. Nilijiona mpwa bora kuliko wote duniani.

Kabla hatujafika kwenye karakana ya chapa, Mjomba alisimama. "Wino," akasema. Mimi sikunusa kitu. Akavuta pumzi tena. "Wino na mafuta ya taa."

Kwa miaka zaidi ya ishirini Mjomba alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha chapa Dar es Salaam. Nilijua hivyo kama mtu anavyojua dini ya jirani yake. Sikuwa nimewahi kumwuliza kazi yenyewe ilifanywaje. Kompyuta zilipoingia yeye akatolewa, macho yake yakiwa bado mazima. Alikuwa na utani wake juu ya hilo, kwamba yeye amepofushwa mara mbili, na ile ya kwanza haikuuma machoni.

Ndani palikuwa na mzee wa Kijerumani mwenye aproni ya bluu, mstaafu wa kazi hiyohiyo, mmoja wa wale wanaojitolea kuwaonyesha wageni. Akauliza kwa Kiingereza cha kuokoteza kama bwana angependa kujaribu. Nikamjibu, "Haoni." Yule mzee akalirudia swali lake kwa Mjomba, kwa sauti ya juu kidogo, kama vile mimi ni kelele za mashine. Mjomba akajibu, "Yes, please." Hapo mzee hakumshika. Alikiinua tu kiwiko chake mwenyewe na kukigusisha kwenye mkono wa Mjomba, Mjomba akakishika, wakaenda. Mjomba mkono mmoja kwenye kiwiko, nusu hatua nyuma, akitembea kama mtu mwenye safari yake. Mimi nikabaki na mkoba.

Herufi za risasi hukaa kwenye droo pana ya mbao iliyogawanywa vyumba vyumba, kila herufi na chumba chake. Vyumba havilingani. Kinachotumika sana ni kikubwa, kinachotumika kidogo ni kijitundu. Mjomba aliwahi kunung'unika, wakati mmoja ambao sikumsikiliza sawasawa, kwamba droo zao zilipangwa kwa ajili ya Kiingereza: e imepewa sebule, k imepewa choo, na Kiswahili bila k utaandika nini? Wakapanga upya kivyao, vyumba vya q na x wakavijaza k. Sasa alikuwa mbele ya droo ya Kijerumani, ambayo nayo ina mpango wake. Mzee akamshika mkono, safari hii kwa idhini, akamtembeza chumba hadi chumba. A. N. I. E. Mjomba akirudia nyuma yake kama mtoto wa chuoni.

Mzee alikuwa ametoa droo ya herufi kubwa kubwa, za pointi 36 nadhani, ili zipapasike. Mjomba akachukua moja, akaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwenye ubavu wa kila herufi pana kijimfereji. Mpangaji hahitaji kutazama, kidole gumba kikiusikia mfereji umeelekea juu anajua herufi imekaa inavyotakiwa, maana kwenye kazi hiyo herufi zimegeuka kama kwenye kioo na hupangwa kichwa chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Mimi hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule niliona tu wazee wawili wameinamia droo, na yule wa Kijerumani akikigusa kijimfereji kwa ukucha wa Mjomba na kusema neno. Signatur. Nikatoa simu nitafute tafsiri. Kamusi ikaniletea sahihi, ya kusaini. "Anasema saini, Mjomba," nikasema.

"Saini gani? Hii ni alama," Mjomba akajibu bila kugeuka. Akamwambia mzee, "Alama."

"Alama," mzee akasema.

Nikarudisha simu mkobani.

Kisha vidole vyake vikaingia kwenye kijumba fulani na kusita. Akaitoa herufi, akaipapasa usoni, akaipapasa tena. Zilikuwa herufi mbili juu ya kipande kimoja cha risasi: c na h pamoja. Wajerumani wanaiyeyushia hivyo kwa sababu ch yao haiachani. Mjomba aliguna kama aliyegundua kaibiwa. "Ch! Wanayo ch nzima!" Akanitafuta kwa kichwa, upande nisiokuwepo. "Unajua ch ngapi nimepanga mimi, mama? Chakula, chama, Chalinze, chuo. Moja moja! C, halafu h. C, halafu h. Miaka yote hiyo." Mzee hakuelewa hata neno moja, akacheka mpaka akavua miwani.

Akapewa stiki, kile kibati cha kupangia mstari, akakilaza kwenye kiganja cha kushoto. Sijui niliandikeje hili. Bega lake lilishuka. Mgongo, ambao tangu uwanja wa ndege ulikuwa umejikunja ukitarajia kugonga kitu, ukanyooka. Herufi za kwanza alizipapasa moja moja, uso wake umeelekea dari, midomo ikichezacheza. L. E. O. Akaweka nafasi. N, akaipapasa. I. M. Kufikia katikati hakupapasa tena. Mkono ulikuwa unakwenda chumbani na kurudi, chumbani na kurudi, tik, tik, tik, na kichwa chake kikafuata mdundo huo, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kijana aliyekuwa akitoka kazini Chang'ombe na vidole vyeusi. Palikuwa na watoto wa shule nyuma yetu wakisubiri zamu. Hakuna aliyewaambia wanyamaze, walinyamaza wenyewe.

Wakaipaka wino kwa rola, wakaweka karatasi, Mjomba mwenyewe akavuta mkono wa mashine. Karatasi ikatoka. Mzee akaiangalia kwanza, kama ilivyo desturi yao, kisha akaniangalia mimi.

Leo nimeingia kaziui.

Droo ile hupitiwa na wageni wengi, na mtu fulani alikuwa ameirudisha u kwenye chumba cha n. Angeipapasa angeijua. Lakini wakati ule alikuwa keshaacha kupapasa, alikuwa anaamini chumba, kama alivyokuwa akikiamini kazini. Yule mzee tayari alikuwa amechukua kibano kidogo mezani, cha kuchomolea herufi mbovu.

"Vipi, mama?" Mjomba akauliza. "Kuna kosa?"

"Hakuna, Mjomba. Safi kabisa."

Nililisema upesi, kabla ya mwingine hajasema. Mzee hajui Kiswahili, ila lile alilielewa. Alikiweka kibano chini taratibu sana.

Nimejitetea mara nyingi. Mtu kasafiri maelfu ya maili kuambiwa macho hayarudi, amefokewa na mlinzi, sasa amesimama wima kwa mara ya kwanza, wewe umwambie amekosea n? Kisha nakumbuka kile kibano. Kazi ya chapa, nusu yake ni kusahihisha. Unatoa prufu, unaisoma, unachomoa, unarudishia, unatoa nyingine. Yule mzee alikuwa anamngoja mwenzake waingie nusu ya pili ya kazi. Mimi nikamfanya mgeni tena, mgeni anayepongezwa. Nyumba nzima ilikuwa imefunguliwa ashike, na pale mlangoni nikawa nimesimama mimi. Au labda nakuza mambo. Labda ilikuwa n tu.

Mjomba akaiomba karatasi wino ulipotulia. Akaigeuza, akapitisha kidole nyuma yake, maana herufi za risasi huuma karatasi na kuacha vijinundu upande wa pili. Kidole kikaenda polepole. Kikafika mwisho wa mstari, kikarudi kidogo, kikaenda tena.

"Mh," akasema.

Akanikabidhi. "Kaa nayo wewe. Mimi nimeshaisoma."

Kwenye treni alizungumzia ch mpaka tukafika nyumbani.

Sasa vitunguu vimeiva, ugali umeliwa, na binti yangu ameshanieleza mara mbili tofauti ya n na u kwa kutumia kijiko. Jumapili ndiyo siku yetu ya kumpigia Babu. Amesema nisijisumbue kumjibu, atamwuliza yeye mwenyewe aliyeandika.