Kichwa cha risasi kwa bunduki kuukuu ya jeshi: pima mtutu kwanza

Naulizwa sana eti Lee-Enfield ya .303, ile bunduki kuukuu ya jeshi la Uingereza, inakula kichwa cha risasi cha saizi gani, na jibu langu ni lilelile, pima mtutu wako. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojisokota ya kuizungusha risasi, na katikati yake kuna matuta. Hiyo 303 ni upana kati ya matuta tu, inchi 0.303 yaani milimita 7.70, ukipima kutoka mfereji hadi mfereji ndo inatakiwa iwe kama 7.92 hivi, lakini bunduki nyingi zilitengenezwa harakaharaka wakati wa vita, zingine zimepigwa mpaka zimechoka, unapima unakuta 8.03 kabisa. Sasa ukiweka kichwa chembamba humo gesi ya moto inapita pembeni, na kama ni cha kumimina mwenyewe bila koti la shaba inakilamba kingo na kuacha utando wa madini ya risasi mtutu mzima, shabaha nayo ndo basi tena.

Kupima si kazi. Hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, toa bolti (kile chuma cha kufunga chemba kwa nyuma), pitisha kitambaa chenye mafuta, afu chukua kipande cha madini ya risasi, laini na isiyochanganywa, kinene kidogo kuliko mtutu, kigonge taratibu kuanzia mdomoni na ukisukume kwa ufito wa shaba mpaka kitokee nyuma. Mkono wako utakwambia mengi hapo: kikikaba vizuri afu kikalegea karibu na chemba, jua mtutu umeliwa huko.

Kikitoka pima sehemu zilizoinuka, hizo ndo mifereji. Lee-Enfield nyingi zina mifereji 5, kwa hiyo kila mfereji unatazamana na tuta na maikromita (kifaa cha kupimia unene) ya kawaida inakusomea pungufu, tafuta ile yenye kitako cha V. Mosin-Nagant ya Warusi ina 4, mfereji unatazamana na mfereji, raha tupu.

Kichwa cha kumimina kizidi namba uliyopata kwa milimita 0.025 hadi 0.05. Chenye koti usikikuze hivyo maana hakibonyei kirahisi, kilingane tu na mifereji. Halafu chukua ganda lililopigwa na bunduki hiyohiyo, usilibane upya kulirudisha saizi yake, jaribu kuingiza kichwa mdomoni kwa vidole. Kikigoma achana nacho, shingo ya ganda haitapata nafasi ya kutanuka kwenye chemba na presha itapanda vibaya.

Uzito wa kichwa mimi sisumbuki, kwa .303 Waingereza walitumia greini 174 (kama gramu 11.3) tangu 1910 na msokoto wa mifereji ni mzunguko mmoja kwa inchi 10, anzia hapohapo, vile vyepesi sijawahi kuona faida yake.

Wenye Mauser za 7.92, bunduki za Wajerumani, ndo wawe makini zaidi, maana kichwa cha 1888 kilikuwa kama milimita 8.08 na kile kilichokuja 1905 ni kama 8.20. Kama mifereji yako imesoma 8.08, risasi za 8.20 usiziguse hata kama zinaingia chemba bila shida, mpelekee fundi bunduki aikague kwanza.