Mtoto hasemi? Anza na masikio kabla ya kumkata ulimi

Mtoto ana miaka miwili na nusu na hasemi. Bibi anamfunua kinywa, anaona kijinyama chini ya ulimi, anakata shauri: ulimi umefungwa, akakatwe. Tafadhali, msimkate kwa sababu hiyo. Kijinyama hicho kikiwa kifupi sana kinaweza kumtaabisha mtoto mchanga kunyonya, lakini tafiti hazijaonyesha kwamba kinachelewesha mtoto kuanza kusema.

Tamka "mama", halafu "baba". Ni midomo inayofanya kazi, ncha ya ulimi imetulia. Mtoto asiyesema hata "mama" hajazuiwa na ulimi. Na ukimwambia "lete kiatu" bila kunyoosha kidole, akakutazama tu, shida haiko kinywani: kuelewa hakuhitaji ulimi.

"Lakini anasikia, mlango ukibamizwa anageuka!" Kishindo cha mlango ni kikubwa na kizito. Mtoto asiyepata sauti nyembamba hukisikia vizuri kabisa, huku "s", "f" na "sh" zikimpita. Kupiga makofi nyuma yake nako si kipimo, maana huona kivuli au huhisi upepo.

Kipimo cha kwanza cha usikivu ni OAE, yaani kipimo cha mwangwi wa sikio. Kijipira laini kinawekwa sikioni, kinatoa milio midogo, kisha maikrofoni iliyo ndani yake inasikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye koklea, kiungo cha kusikia kilicho ndani kabisa ya sikio. Ni dakika chache tu mtoto akitulia. Akilia au akinyonya, majibu yanaharibika. Lazima sikio litazamwe kwanza, kwani nta peke yake inatosha kumfelisha.

Akifeli, msikimbilie kusema ni kiziwi. Fanyeni timpanometri, kipimo cha jinsi ngoma ya sikio inavyocheza hewa ikisukumwa sikioni. Mchoro ukiwa bapa, soma ujazo wa tundu la sikio: ukiwa wa kawaida, kuna majimaji nyuma ya ngoma; ukiwa mkubwa, ngoma imetoboka; ukiwa mdogo mno, ni nta au kijipira kimegusa ukuta. Majimaji yasiyo na maambukizi mara nyingi hukauka yenyewe, hivyo tunapima tena baada ya miezi 3, bila antibiotiki. Kwa walio chini ya miezi 6, timpanometri itumie toni nyembamba ya 1000 Hz. Ile nzito ya 226 Hz huwadanganya wapimaji.

Kufaulu OAE nako hakumalizi kazi kwa mtoto aliyezaliwa akapata manjano kali au akalazwa chumba cha uangalizi maalumu. Koklea inaweza kuwa nzima na neva ikawa na hitilafu. Huyo afanyiwe ABR, kipimo cha ishara za neva ya kusikia hadi kwenye ubongo, na siku hiyo msimwache alale njiani: aje na usingizi wake, ashibishwe hapo kliniki, ndipo elektrodi, vibandiko vya kunasa ishara hizo, zibandikwe kichwani.