Kuvu na spora zake wanavyobadilisha projesteroni

Jamani hii kitu inanikosha kila nikiifikiria. Mwaka 1952 Peterson na Murray, watafiti wa kampuni ya dawa ya Upjohn kule Michigan, Marekani, walionyesha kuwa kuvu wa jamii ya Rhizopus, ndugu wa ule ukungu mweusi wa kwenye mkate uliolala, anachukua projesteroni (homoni ya kundi la kemikali linaloitwa steroidi) anaichomeka oksijeni kwenye kaboni namba 11, mahali ambapo wakemia walikuwa wanapafikia kwa hatua kibao, na ndo kotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, ikaanza kushuka bei.

Ila utamu uko kwenye kimeng'enya chenyewe, ile protini ya kuvu inayoifanya kazi hiyo. Kuvu hakai nacho kingi tayari, anakiunda akishaonja steroidi, yaani mwanzoni kazi inajikokota halafu kasi inapanda, na ukiweka saikloheksimaidi inayozuia seli kutengeneza protini, ile kasi haiji kabisa!

Spora (punje ndogo za kuzaliana) za kuvu mwingine, Aspergillus ochraceus, nazo zinaiweza kazi hiyo, na hapo ndo napendea zaidi. Ni kavumbi ka rangi ya udongo wa manjano, unakakoroga tu kwenye maji na steroidi, hata hazihitaji kuota kwanza. Watu wanaziona kama mbegu zilizolala, kumbe ziko kazini.