Kumbukumbu ya mradi: kiima cha Kiwarlpiri kimepatikana, na hakikai kwenye kitenzi

Imekubali! Kichambuzi changu kimesoma sentensi za Kiwarlpiri, lugha ya Australia, kuanzia mwanzo hadi mwisho na kutaja kiima sahihi, hata pale ambapo hakuna herufi hata moja inayokionyesha. Naandika kabla furaha haijapoa, maana kona hii imenisumbua kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu.

Hatua za nyuma nazipita haraka. Lengo ni lilelile: programu ipewe sentensi, itaje mtenda ni nani na mtendwa ni nani, katika lugha ambazo kiwakilishi cha nafsi si lazima kitamkwe peke yake. Kiswahili kilikuwa uwanja wa mazoezi, kwa kuwa kitenzi chetu kimebeba kila kitu: ni-na-ku-ona. Kinahuatl cha Mexico kikafuata bila shida. *Ni-mitz-itta*, nakuona, *ti-nech-itta*, waniona. Kiima, kisha yambwa, kisha mzizi, mpangilio ambao mtoto wa Tanga angeutambua papo hapo. Nilibadilisha majedwali ya viambishi tu, kanuni zikabaki vilevile.

Takwimu nazo zilinipa moyo. Kwenye WALS, atlasi ya miundo ya lugha za dunia, katika lugha 711 zilizolinganishwa kwa jambo hili, lugha 437 huweka nafsi ya kiima kama kiambishi kwenye kitenzi. Lakini lipo kundi la lugha 32 ambazo vipande vyake vya nafsi hudandia neno lolote lililo karibu. Kiwarlpiri kimo humo, na humo ndimo nilimokwama.

Kiwarlpiri ni lugha ya Northern Territory, Australia, katika makazi kama Yuendumu, Lajamanu, Willowra na Nyirrpi. Mwanaisimu Ken Hale alianza kukusanya maneno yake mwaka 1959, na kamusi kubwa iliyotokana na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2022. Makala ya Hale ya mwaka 1983 ndiyo iliyowafanya wanaisimu wengi waijue sentensi hii:

Ngarrka-ngku ka wawirri panti-rni.
Mwanamume anamchoma kangaruu mkuki.

Unaweza kuyapanga maneno haya upendavyo, mradi *ka* ibaki nafasi ya pili. Na hiyo *ka* ndiyo inayobeba nafsi:

Ngaju ka-rna purla-mi. Napiga kelele.
Ngajulu-rlu ka-rna-ngku nyuntu nya-nyi. Mimi nakuona wewe.
Nyuntulu-rlu ka-npa-ju ngaju nya-nyi. Wewe waniona mimi.

Tazama kitenzi cha mistari miwili ya mwisho. *Nya-nyi*, *nya-nyi*. Hakijui nani anamwona nani. Habari yote iko kwenye *karnangku* na *kanpaju*, na kichambuzi kilichozoea kufungua kitenzi na kupekua viambishi hurudi mikono mitupu.

Wazo la kwanza lilikuwa kuhesabu: chukua neno la pili, soma nafsi. Halidumu. *Wawirri kapi-rna panti-rni yalumpu*, nitamchoma mkuki kangaruu yule; sawa, *kapirna* ni neno la pili. Lakini *Wawirri yalumpu kapi-rna panti-rni* ina maana ileile, na *kapirna* sasa ni neno la tatu, kwa sababu "kangaruu yule" amekaa pamoja kama kirai kimoja. Nafasi ya pili ya Kiwarlpiri haihesabiwi kwa mianya kati ya maneno. Hapo niliacha kuhesabu, nikaiambia programu itafute *ka*, *kapi* na wenzao, yaani vitenzi visaidizi, popote walipo.

Ikaenda vizuri hadi nilipoingia wakati uliopita. Kitenzi kisaidizi kinaweza kutokuwepo kabisa, na kipande cha nafsi kikashika neno lililotangulia. *Wawirri-rna pantu-rnu*, nilimchoma kangaruu mkuki: "ni" yetu imening'inia kwenye kangaruu. Anza na kitenzi upate *Pantu-rnu-rna wawirri*, ambapo *-rnu* ni wakati na *-rna* ni mimi, vimegandana. Halafu kuna *-ngku*. Kwenye *ngarrka-ngku* ni alama ya mtenda, inayowekwa kwenye nomino fupi za silabi mbili, ilhali ndefu huchukua *-rlu*. Kwenye *karnangku* ni "wewe" uliyetendwa. Umbo moja, kazi mbili. Programu ilikuwa inamwona "wewe" katika kila mwanamume aliyeshika mkuki.

Hili lilitatuka kwa utaratibu wa usomaji: kwanza nomino ifunguliwe na kupewa alama yake ya uhusika, na kinachobaki baada ya hapo ndicho kipelekwe kwenye nafsi. Nikafuta pia ile kanuni ya kumtafuta kiima kupitia alama ya mtenda. Kiwarlpiri huweka *-ngku* au *-rlu* kwa mtenda wa kitenzi chenye yambwa tu. Anayepiga kelele hana alama. Ndiyo maana juu pale kuna *ngaju* na *ngajulu-rlu*. Lakini vipande vya nafsi havijali tofauti hiyo: *-rna* kote kuwili. Nomino zinafuata mkondo wake, nafsi zinafuata mkondo mwingine, ndani ya sentensi moja. Hili limenipendeza sana, na kila nikilisoma upya napata hamu ya kuongeza lugha nyingine ya Australia.

Sasa gogo lenyewe. Rudia sentensi ya kwanza. *Ka* iko peke yake, haina kitu mgongoni, kwa sababu nafsi ya tatu umoja haina umbo. Upande wa yambwa hali ni hiyohiyo. Ukipeleka sentensi wakati uliopita, *Ngarrka-ngku wawirri pantu-rnu*, hata *ka* yenyewe imeondoka. Programu inatafuta nafsi, haioni, inaandika HAKUNA. Na HAKUNA ndilo neno lilelile inaloandika ikiharibikiwa au ikikutana na neno isilolijua. Nilikuwa nakaa mbele ya jedwali lililojaa HAKUNA, nisijue zipi ni majibu na zipi ni hitilafu. Nilijaribu kuweka kiambishi bandia kisichoandikwa, kikajipachika kila mahali, hata katikati ya nomino. Nilijaribu kudai nomino yenye alama ya mtenda. Sentensi zisizotaja mtenda zikaanguka zote. Kuna usiku nilizima kompyuta kwa hasira.

Ufunguo ulitoka nyumbani, kwenye *hu-* ya mazoea. Mimi husoma, wewe husoma, wao husoma. Hapo kitenzi cha Kiswahili kimeachia kiima kabisa. "Husoma" peke yake haikwambii ni nani. Katika jedwali la Kiswahili nilikuwa nimeshaipa *hu-* alama yake, yenye maana "kitenzi hakisemi, tafuta nje". Nikaiweka kando ya *ka* tupu na tofauti ikajitokeza waziwazi. Utupu wa *hu-* hauna habari. Utupu wa *ka* unayo, kwa sababu wengine wote katika safu hiyo wana umbo: *-rna* mimi, *-npa* wewe, *-pala* wao wawili, *-lu* wao wengi. Akikosekana kila mmoja wao, amebaki yeye.

Basi nikaacha kutafuta nafsi kama kipande cha neno. Sasa sentensi ikiingia, kabla ya neno lolote kusomwa, programu inatengeneza sanduku la nafasi ya pili lenye vyumba vitatu: kisaidizi, kiima, yambwa. Sanduku ni mali ya sentensi nzima, si ya kitenzi. Maneno yanaposomwa, kila kipande cha nafsi kinachopatikana kinaingia chumba chake, kiwe kimetoka kwenye *kapi*, kwenye kangaruu au kwenye mkia wa kitenzi. Usomaji ukikamilika bila neno kubaki halijulikani, chumba cha kiima kilicho tupu kinasomwa "yeye". Neno moja likibaki halijulikani, hakuna jibu linalotolewa. Chumba cha yambwa nacho husomwa hivyo ikiwa kitenzi kinadai yambwa. Alama mbili tofauti za utupu, na HAKUNA imebaki kwa hitilafu peke yake.

Nikaendesha sentensi zote upya. Zikapita! *Ngarrka-ngku wawirri pantu-rnu*: kiima yeye, yambwa yeye. Nilisimama kitini.

Kuhusu zana: kanuni za sauti na viambishi ziko kwenye programu iitwayo foma, na sioni sababu ya kuhama. Ni ya bure, ni nyepesi, inakimbia kwenye kompyuta kuukuu, na faili zake ni maandishi matupu ninayoweza kuyasoma hata baada ya miaka. Sanduku lenyewe nimeliandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Lahajedwali nimeliacha kabisa kwa data ya lugha. Linasahihisha vistari na herufi bila kuulizwa. Na ninawasihi wenzangu: sawazisheni Unicode, yaani namna kompyuta inavyohifadhi herufi, mwanzoni kabisa. Herufi kama *â* inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili zinazofanana machoni lakini si kwa mashine. Sisi wa *ng'ombe* tunaijua taabu ya alama ya king'ong'o kupindwa na kibodi. Lugha ya Tohono O'odham ya Arizona na Sonora ina alama hiyo karibu kila sentensi.

Hiyo ya Tohono O'odham nimeipitisha kwenye sanduku lilelile, nikabadilisha jedwali tu. *Ceoj 'o ñeok*, mvulana anazungumza. Geuza, *Ñeok 'o g ceoj*, na *'o* bado iko pale pili. *'A:ñi 'añ ñeok*, mimi nazungumza. Hapa hata nafsi ya tatu ina umbo lake, kwa hiyo kazi ni nyepesi zaidi. Jangwa la Tanami kwa Kiwarlpiri na jangwa la Sonora kwa Tohono O'odham, hakuna undugu wowote wa lugha, na sanduku moja limetosha.

Mpango ulisema Kikechua cha milima ya Andes kifuate. Kitasubiri, kwa sababu nimefungua majedwali ya Kicree cha nyanda za Kanada na siwezi kuyaacha. *Niwâpamâw*, namwona. *Niwâpamik*, ananiona. *Ni-* ile ile mbele, mara mtenda, mara mtendwa. Anayeamua ni mkia. Kisha *kiwâpamin*, waniona, na *kiwâpamitin*, nakuona: *ki-* ya "wewe" inakaa mbele kote kuwili, kwa kuwa mbele hukaa mwenye cheo cha juu kati ya nafsi, wewe kwanza, kisha mimi, kisha yeye, bila kujali nani ametenda. Maana yake vyumba viwili vya "kiima" na "yambwa" havifai hapa kabla ya kusoma mkia. Nimeanza kuvibadilisha usiku huu: chumba kimoja cha nani yumo, kingine cha tendo linaelekea wapi. Jedwali la Kiwarlpiri limeshavunjika mara moja kwa mabadiliko hayo, kwa hiyo tawi jipya la msimbo liko kando hadi Kicree kipite.