Udongo Mweusi wa Bondeni

Kaskazi ilikuwa inamalizika, na masika tunayahesabia siku. Tulikuwa tukivusha bomba la maji kwenye mto mdogo, katika bonde moja kati ya Chake Chake na Wete. Wakati ule ungeuvuka kwa hatua mbili, lakini Mpemba yeyote anajua mto wa namna hiyo ukishiba maji ya vilimani unavyokuwa. Kazi yangu ilikuwa kuangalia udongo: unachimbwa wapi, unawekwa wapi, unarudi vipi.

Siku ya kwanza nilichelewa. Nilipofika, kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kimeshafukua kama mita 15 za ukingo, udongo wote umerundikwa pamoja, mweusi wa juu na mwekundu wa chini, karibu kabisa na maji. Mto umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Chini yake kuna makonde ya mpunga, na mbele ya makonde kuna mikoko.

Bi mkubwa mwenye konde lile alikuwa amesimama, jembe begani. Nikamwamkia. Akaitikia, akaokota bonge jekundu, akalivunja mkononi.

"Mwanangu, hili ndilo mtakaloniachia nipande mpunga?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilifundishwa darasani kwamba uhai wa konde umo kwenye sentimita 20 au 30 za juu, penye mboji, mizizi na nyungunyungu. Yeye alilijua hilo kwa vidole vyake.

Nikasimamisha kijiko. Msimamizi alikasirika sana, maana mashine imekodiwa kwa saa, lakini sikurudi nyuma. Kuanzia hapo mweusi tuliuondoa kwanza, ukawekwa peke yake, mbali na ukingo. Tukapanga viroba vya mchanga hadi katikati ya mto, maji yapite upande mmoja tukichimba mwingine, kisha tukageuza. Mbele kidogo tukazuia kwa makumbi ya nazi ndani ya nyavu kuukuu. Makumbi yalishika mchanga na takataka. Udongo laini wa mfinyanzi ulipita. Huo huelea mpaka ukatulie kwenye mikoko, ukafukie mizizi inayopumulia. Tangu siku ile naamini kuuzuia usiingie mtoni ndiyo kazi yenyewe, kuukimbiza ukishaingia ni kujichosha.

Kufukia kulitaka subira. Mwekundu kwanza, kila sentimita 30 tunashindilia ndipo tunaongeza; mweusi juu, bila kushindiliwa. Ukingoni tukapandikiza ukoka na miche ya mikindu, mahali alipotuonyesha bi mkubwa, kwani yeye ndiye aliyejua maji hupiga wapi. Lile rundo lililochanganyika tulilichambua kwa majembe siku mbili. Halikuchambulika.

Masika yakaja, ukoka ukashika.

Nilirudi mpunga ulipokaribia kuvunwa. Ulikuwa mrefu, umeinama kwa masuke, isipokuwa kwenye ukanda wa zile mita 15: hapo ulikuwa mfupi, wa njano, na ardhi imepasuka. Bi mkubwa alikuwa akitoka zizini na pakacha la samadi kichwani. Alikuwa ameshamwaga rundo kwenye ukanda ule, kwa ajili ya msimu unaofuata.

"Mama, mangapi yamebaki?"

"Mengi, mwanangu."

Nikavua viatu, nikaenda zizini kuchukua pakacha jingine.