Mizani ya keki na embe dodo

Nyumbani kwetu matunda yalikuwa na sababu mbili tu za kuingia: ama kuna mgonjwa, ama maembe yameanza kudondoka. Ukimwona mama anatoka sokoni Mgandini na machungwa manne kwenye mfuko, unauliza, "Nani kalazwa?" Sisi wazima tulikula wali, ugali, muhogo, dagaa, mchicha. Tunda lilikuwa la kumpelekea mtu kitandani, au la kuokota njiani tukitoka madrasa. Na hapa ni Tanga jamani, Muheza iko hapo tu, malori ya machungwa tunayaona yakipita.

Mwaka juzi mama akagundulika ana kisukari. Hata hatujamwona mtaalamu wa lishe, jirani mmoja alishampa masharti: asiguse tunda tamu lolote, na ndizi kisukari ndiyo kabisaa, "si jina lenyewe unalisikia?" Mama akaacha. Ndizi akaacha, papai akaacha, na embe pia, huyu mtu ambaye akila dodo maji yake yanamtiririka mpaka kwenye viwiko.

Ikaingia Ramadhani. Mezani kwenye futari jagi la juisi halikosekani, na mama glasi zake mbili anashusha bila wasiwasi. Nikimwangalia ananiambia, "Nini? Hii juisi ya asili, matunda matupu."

Mimi naoka keki za oda hapahapa nyumbani, Makorora, kwa hiyo mizani ninayo, ile ndogo ya betri inayosoma mpaka gramu moja. Siku hiyo nilisimama jikoni nikahesabu. Jagi la lita mbili lilikula machungwa kumi na mawili, maji ya kuongezea, na sukari robo kilo, ambayo mdogo wangu huimimina bila hata kutazama. Robo kilo ukiigawa kwa glasi nane, kila glasi inabeba gramu 31, yaani karibu vijiko vinane vya chai. Glasi mbili za mama ni vijiko zaidi ya kumi na tano, na hapo sukari ya machungwa yenyewe sijaigusa. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku hiyo ni gramu 50, kama vijiko kumi na viwili, na wanasema ukiweza kushuka hadi nusu yake ni bora zaidi. Na mama amemaliza hesabu yake kabla hajagusa tambi za futari!

Kilichoniuma zaidi ni chujio. Makapi yote ya machungwa yamebaki mle, tunakwenda kuyamwaga. Nyuzinyuzi zile ndizo zinazofanya sukari ya tunda iingie mwilini taratibu, na ndizo zinazoshibisha. Ndiyo maana sukari iliyomo ndani ya chungwa zima haihesabiwi kwenye ule ukomo wa asilimia 10, ila ukilikamua, hata kama hukuongeza punje ya sukari, inahesabiwa. Chungwa moja nikila nimetosheka. Machungwa manne kwenye glasi yanateremka huku naongea na simu.

Kliniki mtaalamu wa lishe alimwambia mama jambo ambalo hakulitegemea: matunda ale. Ale mazima, kwa kiasi, ayagawe kwenye siku badala ya kula yote kwa mkupuo, na akitaka kujua tunda gani linampandisha zaidi, kile kimashine chake cha kupimia sukari kitamwambia. Juisi aiache. Mama akatoka pale ananitazama kama mimi ndiye niliyemfungulia kesi.

Swali likabaki, kiasi ni kiasi gani? Kile kipimo kinachotajwa kila mahali ni gramu 400 kwa siku, mboga na matunda kwa pamoja, ambazo huwa zinagawanywa sehemu tano za gramu 80. Viazi na mihogo havimo, kwa hiyo ule muhogo wa kuchoma tusijidanganye nao. Lakini gramu 80 nani anazijua kwa macho? Nikaweka mizani mezani, nikatafuta kisu.

Ndizi kisukari iliyomenywa: 48. Yaani mbili ndiyo unaanza kuongea, na yule jirani alimnyima mama hata moja. Pera la mtini kwa jirani (mwingine, si yule): 95, sehemu moja na chenji. Chungwa la Muheza lililomenywa: 152, karibu sehemu mbili. Papai la vipande, kikombe cha chai kimejaa: 140. Kipande cha tikiti cha mtaani, kile tunachonunua tukisubiri daladala, baada ya kutoa ganda: 310! Niliwasha mizani upya nikidhani imeharibika.

Halafu dodo. Zima lilikuwa 640. Nikamenya, nikakata mashavu, nikakwangua pembeni, kokwa nikaliweka kando. Nyama peke yake: 412. Embe moja, dozi ya siku nzima, mchicha ukiwemo. Na mimi Desemba huwa nakula mawili nikisimama, halafu naita hiyo lishe bora.

Tangu hapo utaratibu wangu ni huu: matunda mara mbili, ikizidi mara tatu kwa siku, kila mara kiasi cha kujaa ngumi yangu, nafasi inayobaki niijaze kwa mboga. Sipimi tena, jicho limezoea. Ananiuliza mtu kwenye kundi letu la WhatsApp, kabla ya kula au baada? Kuna sauti imezunguka humo inasema tunda likiliwa juu ya ugali linaozea tumboni. Haliozi. Tumbo lina asidi, linasaga vyote. Tena mimi nina sababu ya kulila pamoja na chakula: nilipokuwa na mimba ya pili damu ilikuwa ndogo, muuguzi akaniambia chai ya baada ya mlo niisogeze mbele, mahali pake niweke chungwa. Vitamini C inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage na mchicha, na chai inayazuia.

Na kwa vitamini C, acheni kuyaonea aibu mapera. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, chungwa lina kama 50, na yale matufaha ya kubandikwa stika tunayompelekea mgonjwa tujionyeshe, hata 10 hayafiki. Siyatukani, ni matamu. Ila shilingi 1,000 kwa tufaha moja wakati mapera yanaliwa na popo uani, hapo sijaelewa.

Tahadhari moja tu, kwa sababu shangazi yangu yamemkuta: mwenye matatizo ya figo asifuate hesabu zangu. Yeye daktari alimpunguzia ndizi na machungwa kwa ajili ya potasiamu, ambayo figo zake zinashindwa kuitoa. Huyo asikilize hospitali.

Jana nilikwenda kwa mama na dodo moja. Nikamkatia shavu nusu, nikapima mbele yake maana ameshazoea huu wazimu: 84. Akala taratibu kwa uma, adabu zote, kama yuko harusini. Nyama iliyobaki nikaifunika kwenye bakuli niwapelekee watoto. Nageuka kufuta kisu, namwona anavuta sahani yenye kokwa.

"Mwanangu, hili umelipima?"

"Hapana mama, kokwa halipimwi."

"Haya basi," akasema, akakunja mikono ya dera.