Betri ya Prius Yangu Haikuwa Imekufa

Watu wanne waliniambia betri ya gari langu imekufa. Wawili kati yao hawakufungua hata buti. Naandika haya kwa sababu hapa Mwanza Prius na Aqua, yaani Toyota za haibridi zinazotumia petroli pamoja na betri kubwa ya umeme, naziona kila kona, kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa, na pembetatu nyekundu ya onyo kwenye dashibodi ikiwaka tu mwenye gari anaambiwa neno lilelile: betri. Anauza kiwanja, ananunua betri.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Gari ni Prius ya mwaka 2010, nabebea roli za waya, mabomba na ngazi ya kukunja. Siku lilipoanza kunisumbua nilikuwa natoka Misungwi kwenye kazi, jua la saa nane, vioo nimefunga na AC nimeweka mwisho. Nafika Usagara, pembetatu ikawaka, na kwenye kioo cha dashibodi yakatokea maandishi ya Kijapani. Gari lilikuja na lugha ya kwao na sikuwahi kuibadilisha. Nikapiga picha yale maandishi. Gari lenyewe likaendelea kutembea vizuri tu, na hilo ndilo lililonichanganya.

Gereji niliyokwenda, kijana alichomeka skana ndogo ya kusoma makosa ya gari, akanionesha simu yake. "Dada, betri imekwisha. Si unaona hapa imeandikwa betri?" Namba ya kosa ilikuwa P0AA6. Neno betri lilikuwepo kweli, kwa Kiingereza, katikati ya sentensi. Sikusoma mbele wala nyuma yake. Mtu ninayepima umeme kila siku nikakubali neno moja la sentensi niliyoletewa na mtu mwingine, na mpaka leo linaniuma.

Basi tukaagiza betri iliyotumika kutoka Dar es Salaam. Betri yenyewe ilikuwa milioni moja na laki nne hivi, nauli ya basi juu, mkono wa fundi juu, ukijumlisha ilikaribia milioni mbili. Ikafika imefungwa kwenye magunia. Siku nzima ikaenda kwenye kufungua viti na kufunga upya. Kijana akafuta lile kosa, taa zikazima, tukapeana mikono. Saa kumi na moja jioni nikawa napandisha Bugando kumpelekea mama mkwe chakula wodini. Joto lilikuwa bado kali, nikawasha AC. Sijafika hata getini, pembetatu ikawaka. Maandishi yaleyale ya Kijapani. Nililinganisha na picha yangu, herufi kwa herufi.

Nilipompigia kijana alinijibu, "Basi na hiyo nayo mbovu, dada. Tutafute nyingine." Nilikata simu nikakaa ndani ya gari mpaka hasira ikapungua.

Usiku ule ndipo niliposoma sentensi nzima. Haikusema betri imekufa. Ilisema insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme kutoroka, ya mfumo wa umeme mkubwa imeshuka. Kwa lugha ya kazini kwangu: kuna uvujaji. Betri iliyochoka ina namba zake nyingine, maarufu ni P0A80. Hizi ni habari mbili tofauti kabisa, kama vile tofauti ya luku kuisha na waya kugusa bati.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa. Ile betri ndogo ya volti 12 hasi yake imefungwa kwenye bodi. Betri kubwa haiko hivyo. Kwenye Prius hii ina vipande 28, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6, na inverta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri uendeshe mota, inaweza kuupandisha umeme huo hadi volti 650. Chanya yake na hasi yake zote mbili zimetengwa na bodi ya gari, kwa makusudi, ili mtu akigusa bodi asiwe sehemu ya mzunguko. Kompyuta inapima muda wote kama utengano huo upo. Ukipungua, pembetatu. Na uvujaji unaweza kutoka popote kebo za rangi ya chungwa zinapofika: betri, nyaya zilizo chini ya gari, inverta, mota zilizo ndani ya giaboksi, au kompresa ya AC. Kompresa ya Prius hii haina mkanda, inazungushwa na umeme huohuo mkubwa.

Mwaka juzi niliitwa Nyegezi kwenye nyumba ambayo breka ya kulinda uvujaji ilikuwa inaanguka kila jioni. Mafundi walishabadilisha breka mara mbili. Niliitenganisha saketi moja moja, nikapima kila moja kwa meger, yaani kipimo cha insulesheni kinachosukuma volti kubwa, nikakuta ni hita ya maji bafuni. Breka zote zilikuwa nzima. Kitandani usiku ule nikamwambia mume wangu, "Gari letu ni ile nyumba ya Nyegezi." Akaniambia, "Sasa kalale, kesho upime."

Nilianza na betri ya zamani, iliyokuwa imelala stoo ikisubiri kutupwa. Hapa nina jambo ambalo nataka kila mtu alijue, kwa sababu halihitaji kifaa cha bei mbaya. Betri usiipime kwa meger, ina umeme wake yenyewe. Unachukua mita ya kawaida, unaweka volti za DC, mkono mmoja wa mita kwenye boksi la chuma la betri, mwingine kwenye nguzo ya kipande cha mwisho upande huu, kisha upande ule. Kama betri haivuji, namba inaruka kidogo halafu inateremka yenyewe kuelekea sifuri, kwa sababu mzunguko haujakamilika. Kama inavuja, namba inasimama na inakaa. Yangu iliteremka. Nane, tano, mbili, sifuri na kitu. Nikabadilisha upande, ikateremka tena. Halafu nikapima vipande vyote 28 kimoja kimoja: vyote vilikuwa kati ya volti 7.7 na 7.9, hakuna kilichoachwa nyuma na wenzake. Betri niliyoambiwa imekufa ilikuwa nzima, iko sakafuni kwangu, na nimeshalipia nyingine.

Kabla sijasema nilivyopima gari lenyewe, naomba nieleweke. Volti 201 za DC zinaua, na hazikupi onyo. Nilizima gari na kuiweka funguo mbali, nikachomoa terminali ya betri ndogo, nikavaa glovu za umeme za volti 1000 na za ngozi juu yake, kisha nikachomoa ile plagi ya chungwa ya usalama iliyo nyuma kwenye buti. Plagi niliiweka mfukoni mwangu. Nasisitiza mfukoni, maana nimeona gereji wameiweka juu ya kiti na mwingine akaja kuirudisha mwenzake akiwa ameshika kebo. Baada ya hapo unasubiri dakika 10 nzima, kapasita za inverta, zinazobaki na umeme ndani, zijimwage. Na hata baada ya hizo dakika unapima kuhakikisha ni sifuri, huku mita yako umeijaribu kwanza kwenye betri ya volti 12 ujue inasoma. Glovu nazo nilizijaza upepo na kuzikunja kama puto, nikaziweka karibu na shavu kusikia kama zinatoa hewa. Kitobo cha sindano kinatosha kukumaliza. Kama huna hivi vitu, mlipe aliye navyo.

Ilikuwa Jumapili. Nilichomoa kebo zote za chungwa kwenye inverta, inverta yenyewe sikuipiga meger. Meger yangu ni ileile ya majumbani, volti 500. Namba kubwa ndiyo nzuri; kwenye nyumba chini ya megaomu 1 sikabidhi kazi. Nikaanza na kebo ndefu zinazokwenda nyuma, nikizipima dhidi ya bodi: zaidi ya megaomu 200. Mota ya kwanza, zaidi ya 200. Mota ya pili, hivyohivyo. Ikabaki kebo nyembamba ya pini mbili inayoshuka kwenda kwenye kompresa ya AC. Nikabonyeza. Mshale wa meger yangu, maana ni ya zamani ya mshale, ukaanguka upande wa sifuri ukalala. Nikabadilisha kipimo, nikapata kiloomu 40, yaani megaomu 0.04 tu. Nikasafisha pini, nikarudia. Arobaini. Nikashuka mpaka kwenye kompresa yenyewe, nikaichomoa na kuipima peke yake bila kebo. Arobaini.

Nilipiga kelele mpaka mtoto wa jirani akachungulia ukutani.

Halafu nikakumbuka. Wiki tatu kabla ya siku ya Usagara, AC ilikuwa imepungua ubaridi, nikampitia fundi wa AC wa barabarani. Alijaza gesi na akaongeza oili, ileile anayoweka kwenye Noah na Corolla. Kwenye gari la mkanda haina shida. Lakini kompresa ya umeme mota yake iko ndani humohumo, waya zake zinaogelea kwenye gesi na oili. Kwa hiyo oili yake lazima iwe ya kuzuia umeme, na kwenye gari hili inaitwa ND-OIL 11. Ile ya kawaida, wanayoiita PAG, inapitisha umeme na inafyonza maji ya hewani. Kiasi kidogo kikiingia kinatosha kushusha insulesheni ya mfumo mzima.

Baadaye nilimpata kaka mmoja mwenye kompyuta yenye programu ya Toyota. Skana ndogo inasoma P0AA6 na kuishia hapo, lakini programu ile inafungua undani wa kosa. Kulikuwa na namba mbili: 526, yaani uvujaji upo, na 611, yaani uko eneo la AC. Ingekuwa betri ingeandika 612. Mota za kwenye giaboksi ni 613, na eneo la nyaya za DC ni 614. Gari lilikuwa limesema lenyewe tangu Usagara kwamba tatizo ni AC. Hakuna aliyeliuliza. Yule kaka alinitoza elfu thelathini, na nisingekwenda gereji kwanza ningeokoa ile karibu milioni mbili yote. Kwa hiyo ukipata P0AA6, usimlipe mtu hata mia mpaka akuoneshe namba ya pili.

Kompresa iliyotumika niliipata kwa laki tatu na nusu au nne hivi, ya Prius iliyogongwa nyuma. Niliipima kwa meger kabla sijatoa pesa, muuzaji akanishangaa. Kazi ya kuifunga sikumpa fundi wa AC za magari. Nilimtafuta mzee anayetengeneza vyumba vya baridi vya samaki upande wa Kirumba. Mzee yule unyevu ndani ya mfumo anauchukia kama mimi ninavyochukia waya wa kuungwa kwa mkono. Alisafisha mabomba yote, akabadilisha kikaushio, akapitisha naitrojeni kutafuta vitobo, akavuta hewa kwa pampu kwa zaidi ya saa nzima huku anakunywa chai. Oili niliiagiza Dar, kopo dogo lililofungwa. Alilifungua dakika ileile ya kulitumia, si kabla.

Nikafuta makosa, nikawasha AC mpaka mwisho, nikaenda Sengerema kwa daraja la Kigongo–Busisi na kurudi, mchana, vioo vimefungwa. Hakuna kilichowaka. Betri iliyo ndani ni ile ya kwanza, niliirudisha. Ya Dar iko stoo, nzima kabisa, kwa anayeihitaji.

Wiki iliyofuata nilimpitia yule fundi wa AC wa barabarani. Sikwenda kugombana, nilitaka asimharibie mtu mwingine. Nikafungua boneti, nikamwonesha kibandiko kidogo kilichofunikwa na vumbi, nikakifuta kwa kidole gumba. Pameandikwa aina ya gesi, na chini yake, ND-OIL 11. Aliinama na tochi ya simu, akasoma mara mbili, halafu akaniomba kalamu akaandika kwenye ukuta wa kibanda chake, juu ya rafu ya makopo ya oili.